Nimepata mchumba nikiwa na miaka 66, mtaa wote unanisema

Shangazi, habari za kazi.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, nakaa Buswelu hapa Mwanza. Mume wangu alifariki miaka minane iliyopita, tukiwa tumeshahamia kwenye nyumba tuliyoijenga kidogo kidogo kwa mishahara yetu wote wawili na kuimalizia kwa mafao yake na yangu. Tulijaliwa watoto wanne, wote wana kazi zao. Binti yangu wa pili yuko hapa Mwanza, wengine wako Dodoma, Geita na Dar es Salaam.

Mtaa wetu umejaa wastaafu. Walimu, manesi, watu wa reli, watu wa meli, wengi tulinunua viwanja wakati huku bado ni mawe na vichaka, tukajenga, tukastaafia humo. Nusu yetu tumefiwa. Alfajiri tunatembea kwa ajili ya presha na magoti, tuna kikundi cha kuweka na kukopa, na Jumamosi tuna jumuiya.

Kwenye yale matembezi ndiko nilikomzoea baba mmoja mwenye miaka 70, aliyekuwa fundi mitambo kwenye meli za ziwa hili, mzaliwa wa Ukerewe. Naye ni mjane kama mimi. Tulianza kwa kusindikizana tu, maana naogopa mbwa. Baadaye akawa akitoka soko la samaki la Mwaloni ananiletea sato au dagaa, napika, tunakula barazani mchana kweupe. Presha ilipomlaza hospitali ni mimi niliyekaa naye, watoto wake wako mbali. Mwaka huu baada ya Pasaka akaniambia anataka tufunge ndoa. Nililia, Shangazi. Sikuwa nimejua kuwa nilikuwa mpweke kiasi kile.

Sijamjibu, kwa sababu ya maneno. Kwenye kikundi wanasema nimemwekea limbwata. Wengine wanasema ana mke mwingine Ukerewe anayemficha. Kuna anayesema huyu baba amefilisika, anaitaka nyumba yangu, na kuna anayesema mimi ndiye ninayeitaka pensheni yake. Vijana wa bodaboda pale kona wanamwita majina kwa sababu walimwona dukani kwa muuza dawa za asili, eti ananunua za kuongeza nguvu. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, alikuja kutoka Kwimba kuniambia nyumba ya kaka yake haiwezi kuingia mwanamume mwingine. Mwanangu wa kwanza ameacha kunipigia. Kinachoniuma zaidi, mpwa wangu aliyeko Marekani alituma video kwenye kundi la familia kuhusu mji wa wastaafu huko Florida, ambako eti wazee wanatundika madodoki ya rangi kwenye magari kuonyesha wanatafuta mapenzi ya aina gani. Binti yangu akaandika chini yake: "Mama, isije ikawa na Buswelu imefika huko." Wote wakacheka. Nilitoka kwenye lile kundi.

Amenialika pia twende Ukerewe mwezi wa kumi na mbili nikamwone dada yake. Sijui kama inafaa. Na kuna jambo naona aibu kuuliza, lakini nani mwingine nimuulize: kwa umri huu, mambo ya chumbani bado yapo? Mimi tangu marehemu aondoke sijui lolote. Au ni kweli nimechanganyikiwa?

Mwalimu Mstaafu, Buswelu

* * *

Mwalimu, hujachanganyikiwa. Mtu aliyelea watoto wake na wa wenzake miaka yote hiyo, akauguza mume, akamzika, kisha akampenda anayemletea samaki na kumsindikiza asiumwe na mbwa, huyo ana akili zake zote.

Haya maneno ya mtaani hayana uzito sawa. Lipo moja lisilochekesha hata kidogo, nalo ni hilo la limbwata. Wewe na mimi tunakaa kanda hii na tunajua historia yake. Huku Usukumani wanawake wazee wameuawa kwa kuitwa wachawi, wengine kwa sababu tu ya macho mekundu, macho yaliyochomwa na moshi wa kuni na samadi kwa miaka ya kupikia familia. Na mara nyingi, ukifuatilia ugomvi ulianzia wapi, unakuta shamba, kiwanja au nyumba ambayo mtu fulani aliona mjane anakaa nayo mno. Mjane mwenye nyumba, anayetajwa kwa dawa, na shemeji amekuja kusema nyumba ni ya kaka: hayo matatu yakikaa pamoja mimi sipuuzi. Simaanishi shemeji yako ni mtu mbaya. Nakuomba umweleze mwenyekiti wa mtaa wazi kwamba unasingiziwa uchawi, na ukisikia likirudiwa kwa vitisho nenda polisi kwenye dawati la jinsia. Usione haya kwamba utaambiwa unakuza mambo. Mwambie na binti yako aliye karibu, siku hiyo hiyo, ili asidhani hili ni suala la mama na mchumba wake peke yake.

Sasa hiyo video. Mji wenyewe upo, unaitwa The Villages, uko Florida, una wakazi zaidi ya laki moja, wengi wao wastaafu wanaozunguka kwa vigari vya gofu. Uvumi wa madodoki umezunguka dunia nzima. Wakazi wenyewe wanaeleza kuwa watu hutundika vitu vya rangi kwenye magari ili wayatambue haraka kwenye maegesho, mahali ambapo magari yote yanafanana. Lakini nani atasambaza video ya bibi anayetafuta gari lake? Nataka ulione hili, Mwalimu, kwa sababu ndilo linalokupata wewe. Mtu mzima akipenda, watu hawamwoni kama mtu, wanamfanya kichekesho. Na kichekesho hicho kina hasara, maana kimefunika jambo la kweli lililopo huko Marekani: takwimu zao za afya zimeonyesha magonjwa ya zinaa kama kaswende, kisonono na klamidia yakiongezeka miongoni mwa watu wa miaka 55 na kuendelea. Wazee wanaugua kwa sababu hakuna anayewauliza, daktari anaona haya, na wenyewe wanaona haya. Hilo nitalirudia.

Nyumba kwanza, kwa sababu ndipo kilipo kiini cha kelele zote. Mwanao wa kwanza hajaacha kupiga simu kwa sababu unakula sato na mzee wa watu. Anaogopa. Anajiuliza mama akiolewa, nyumba ya baba itakuwa ya nani. Na wewe kwenye barua yako hukuniambia kama mirathi ya marehemu ilifunguliwa. Nadhani haikufunguliwa, kwa sababu familia nyingi huona kufungua mirathi mama angali hai ni kama kumfukuza. Miaka minane inapita, hati iko kwa jina la marehemu, kila mtu ana hesabu yake kichwani na hakuna anayeitamka.

Fungua, kabla hujamjibu huyu baba. Kaeni kikao cha ukoo, andikeni muhtasari, chukueni cheti cha kifo, mwende mahakamani ateuliwe msimamizi. Katika orodha ya mali, hakikisha inaonekana kwamba nyumba ile haikuwa ya marehemu peke yake. Umesema mlijenga kwa mishahara miwili na mafao mawili. Tafuta risiti za saruji na mabati, mikataba ya mafundi, karatasi za benki zinazoonyesha mafao yako yalipotoka. Sehemu yako ni yako kwa jasho lako, na kinachogawanywa ni kile kilichokuwa cha marehemu, ambacho nacho wewe mjane unacho kwenye mgao. Hapo kwenye manispaa yenu ya Ilemela kuna wasaidizi wa kisheria wanaosaidia watu katika mambo haya bila kudai fedha za wakili, nao watakuelekeza ni mahakama ipi inayohusika na familia kama yenu. Likishaisha hilo, andika wosia wa sehemu yako, uuhifadhi mahali salama. RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, wanapokea na kutunza wosia. Mwanao akijua mama ameandika, na ameandika akiwa na akili timamu kabla ya ndoa, nusu ya hasira yake itakosa pa kusimama.

Kuhusu shemeji, sheria iko upande wako. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 68, inasema mwanamke aliyefiwa na mume yuko huru kukaa anakotaka, kubaki bila kuolewa, au kuolewa na mwanamume anayemtaka yeye, hata kama mila inasema vingine. Imeandikwa hivyo tangu wewe ukiwa msichana. Mwambie kwa adabu, mpikie ugali ashibe, lakini mwambie.

Sheria hiyo hiyo inasema ndoa haibadilishi umiliki wa mali ambayo mtu alikuwa nayo kabla. Huyu baba hawi mwenye nyumba yako kwa kukuvisha pete, wala wewe huwi mwenye pensheni yake. Mambo huanza kuchanganyika mkijenga pamoja, mkikopa pamoja, au mmoja akitia fedha kwenye ukarabati wa nyumba ya mwenzake. Hapo andikianeni.

Najua pia mtaani kuna watakaokushauri, "Mwalimu, za nini kelele, kaeni tu, nani atawauliza." Sikubaliani nao. Kwanza nyote ni watu wa jumuiya, mtanyimwa komunyo na itawauma. Pili, kukaa tu si jambo dogo kisheria: watu wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi, na jamii ikawaona kama mume na mke, sheria inaweza kudhani wameoana mpaka ithibitike vinginevyo. Yaani mnaweza kuingia kwenye ndoa kwa mlango wa nyuma, bila wosia wala makubaliano, na watoto wa pande zote mbili wakaja kupigana msibani. Afadhali mpite mlango wa mbele.

Mtakaa wapi? Mimi nisingemwingiza kwenye nyumba ambayo mirathi yake haijaisha. Si kwa sababu ya shemeji, bali kwa heshima ya huyo baba mwenyewe, asiwe anakula chakula huku anahesabiwa siku. Ukienda kwake, muulize swali hili bila kuzunguka: siku ya pili baada ya kukuzika, watoto wako wataniambia nini? Kama ana nia njema ataandika kwamba una haki ya kukaa pale mpaka uhai wako uishe, au atakwambia wazi kuwa utarudi kwako Buswelu. Majibu yote mawili yanakubalika. Kukwepa swali ndiko kusikokubalika.

Yapo mengine ya kumuuliza. Madeni. Wastaafu wengi wamejiingiza kwenye mikopo ya kausha damu, wengine wakidhamini watoto wao, na pensheni inaisha kabla haijatoka benki. Wanasema amefilisika, inawezekana ni uongo, lakini wewe na yeye wekeni karatasi mezani, zake na zako. Muulize pia anatafuta mke au anatafuta nesi. Ulikaa naye hospitali na ulifanya vema, ila kuna wanaume wa umri wake wanaooa kwa sababu hawajui kupika uji. Mtazame: ulipougua wewe, alifanya nini? Hukuniandikia hilo. Lifikirie.

Hilo la mke wa Ukerewe usilimalize kwa kuulizauliza watu kikundini. Nenda. Safari ya mwezi wa kumi na mbili ninaiunga mkono kabisa, kwa sababu Nansio, bandari ya Ukerewe, si mbali kwa meli, na mtu mwenye mke wa siri hakupeleki kwa dada yake. Lala kwa huyo dada, si hotelini. Kaa naye jikoni mkichambua mboga, atakwambia mengi kuhusu kaka yake kuliko atakavyokwambia mwenyewe. Muage binti yako kabla ya kuondoka, mwambie unakwenda wapi na kwa nani. Umekuwa ukijificha, Mwalimu, na kujificha kwako kunawapa watu nafasi ya kujazia wanachotaka.

Sasa lile uliloliuliza kwa aibu. Yapo. Mambo ya chumbani yapo katika miaka 66 na katika miaka 70, ila mwili umebadilika na unahitaji uvumilivu. Baada ya kukoma hedhi, uke huwa mkavu na ngozi yake inakuwa nyembamba zaidi, hivyo tendo linaweza kuuma au kutoa damu kidogo, hasa baada ya miaka mingi ya kukaa bila. Si kwamba umezeeka ukaharibika. Kuna vilainishi vya maji vinauzwa maduka ya dawa, na daktari wa wanawake anaweza kukupa dawa ya kupaka yenye homoni ikibidi. Ila damu yoyote inayotoka baada ya kukoma hedhi, iwe umekutana na mtu au hujakutana, ipeleke hospitali uchunguzwe, na ukiwa huko uombe na kipimo cha mlango wa kizazi.

Kwake yeye, presha, kisukari na baadhi ya dawa zake huathiri nguvu. Ni jambo la kitabibu, la kawaida sana, na halimpunguzii uanaume. Kama kweli alikwenda kwa muuza dawa za asili, mwonee huruma, lakini mwambie aache. Huwezi kujua kilichomo kwenye unga ule. Vingine vimekutwa vimechanganywa na dawa za hospitali kwa siri. Na hata vidonge vya kweli vya duka la dawa, vile vya sildenafili, ukivimeza pamoja na dawa za moyo za kundi la naitreti presha inaweza kuporomoka ghafla ukafa. Amwone daktari anayemtibu presha, amweleze bila kuficha. Pale dirisha la wazee hawajaja kusikia mafua tu.

Kisha mkapime wote wawili, VVU, kaswende na homa ya ini, kabla ya kulala pamoja. Kizazi chetu hakihitaji kuhubiriwa hili. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligundulika Kagera mwaka 1983, ng'ambo ya pili ya ziwa hili, sisi tukiwa vijana. Tumezika kaka, dada na walimu wenzetu wakati ambao hakukuwa na dawa. Kisha tukazeeka tukaanza kufikiri ugonjwa ule ni wa vijana. Kilichokwisha ni hofu ya mimba. Mume wako amefariki miaka minane iliyopita, huyu baba naye alifiwa na mkewe, na katikati hapo kila mtu ana maisha yake. Na mmoja wenu akikutwa na VVU, dawa zipo na watu wanaishi navyo mpaka uzee mrefu. Mtakaa na mhudumu wa afya awaelekeze namna ya kulindana. Ndoa haifi kwa jibu hilo. Kinachoua ni kutopima.

Wanao waite nyumbani, wote wanne, ana kwa ana. Si kwenye kundi la simu. Usiwaombe ruhusa, kwa maana hawana ruhusa ya kukupa. Waeleze mirathi inafunguliwa lini, wosia wako utasema nini kwa ujumla, utaishi wapi, kisha waeleze kuhusu huyu baba na uwape nafasi ya kulia, kwa sababu watalia. Wengine watakuwa wanamlilia baba yao upya. Binti yako mwambie yale maneno aliyoyaandika chini ya video yalikuumiza. Amelelewa na mwalimu, atajua kuomba radhi. Huyo baba naye afanye hivyo kwa wanawe kabla hamjaonana familia zote mbili.

Kisha nendeni kwa padre. Wote mmefiwa, hakuna kizuizi upande huo, na ndoa inahitaji kutangazwa. Sheria ya nchi nayo inataka taarifa ya siku 21. Msiikwepe. Mkitangazwa kanisani mbele ya kikundi kizima cha matembezi, wanaonong'ona watalazimika ama kutoa pingamizi lenye ushahidi, ama kuchangia sherehe.

Niandikie tena baada ya kikao, hasa kama shemeji atakataa kusaini muhtasari wa ukoo. Hilo lina njia yake mahakamani na nitakueleza hatua kwa hatua.

Shangazi